Mwaka wa Leseni za Muda

Wiki tatu zilizopita tulimzika Sista Candiru nyumbani kwake Pajulu, na mimi nilikaa mstari wa tatu chini ya turubai la kukodi nikiwa na hasira. Si hasira ya msiba. Mpwa wake alisimama na karatasi akasoma maisha ya marehemu: alizaliwa, akasomea uuguzi hospitali ya misheni, akafanya kazi miaka thelathini na minne, akastaafu, akalima maharage, amelala. Nikasubiri. Nikafikiri labda karatasi ina upande wa pili. Kijana akaikunja akaitia mfukoni, kwaya ikaanza kuimba, na Koboko haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Mwanamke aliyekuwa jirani yangu akaniuliza mbona ninasaga meno. Nikamwambia nina jino bovu. Sasa niko nyumbani, jino halina tatizo lolote, na huo mwaka ulioachwa nitausema mwenyewe, kwa sababu nilikuwepo, na baadhi ya yaliyoharibika niliyaharibu mimi kwa mkono wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza chuo cha uuguzi, nimekaa nyumbani Arua miezi minane nikisubiri matokeo ili nisubiri leseni ili nisubiri kazi. Halafu kipindupindu kikaingia Koboko, mpakani. Watu walikuwa wakivuka kutoka Sudan Kusini kila siku na vitu vyao kichwani, visima havikutosha, mvua ikabomoa vyoo, na kabla hatujajua vizuri kinachoendelea wagonjwa walikuwa wanalazwa kwenye nyasi. Wauguzi hawakuwepo. Ndipo ikaundwa kamati ya dharura, watu watatu nyuma ya meza moja kwenye ukumbi wa Arua: mwenyekiti, mtu wa ofisi ya leseni, na mama mmoja wa kuandika. Kamati hiyo ilikuwa na uwezo wa kukupa leseni na kazi asubuhi moja. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi, na maswali aliyoniuliza yalikuwa mawili. Unaogopa kinyesi? Nikasema hapana. Unaogopa kufa? Nikasema kidogo. Akacheka, akagonga muhuri. Nilitoka na nusu karatasi iliyoandikwa leseni ya muda, miezi sita, na chini yake kwa herufi ndogo, afanye kazi chini ya msimamizi mwenye leseni kamili. Mimi nilisoma mstari wa juu tu. Nilipita mtaani Arua nimeishika ile karatasi mbele ya kifua ili kila mtu aione, na kichwa kilikuwa kimevimba hata kitambaa kilinibana.

Msimamizi mwenye leseni kamili alikuwa ndiye Sista Candiru. Walimfuata Pajulu, wakamkuta shambani, udongo umempanda mpaka magotini, wakamwambia Serikali inamhitaji tena. Inasemekana aliwauliza jambo moja, kama sare yake ya zamani itakubalika, kwa kuwa hana mpango wa kununua nyingine. Ilikubalika. Tulipandishwa gari moja la wilaya kwenda Koboko na njia nzima hakunisemesha. Tulipofika alinitazama kuanzia kitambaa hadi viatu. "Wewe iko nesi?" Nikamwonyesha nusu karatasi yangu. Aliisoma yote, mstari wa juu na ule wa chini, akanirudishia. "Bado," alisema.

Tulipewa chumba kimoja nyuma ya soko, vitanda viwili, dirisha moja lenye wavu, na ukuta ambao upande wa pili wake jirani alikuwa anashona cherehani kutwa. Sista Candiru alikuwa na sheria zake. Viatu vya kazini havivuki mlango. Mikono inaoshwa kabla ya kugusa ufunguo, na ufunguo unaoshwa pia. Chakula kinaliwa cha moto na kinaliwa mtu amekaa, hata kama dunia inakwisha nje. Yeye alipika enyasa, ule ugali wa muhogo na mtama wa watu wa kwao, na samaki mkavu aliyetiwa ufuta. Mimi nilikaanga gurusa za asubuhi, chapati laini za kwetu, kwa kuwa Mnubi hawezi kuanza siku na mkate wa dukani. Wiki ya kwanza alizikataa akisema zina mafuta. Wiki ya pili nilimkuta anazihesabu kwenye sahani, moja, mbili, tatu, akaniuliza mbona leo ziko chache. Hapo nikajua tutaishi.

Kazi ilikuwa kwenye hema kubwa jeupe nje ya kituo cha afya. Vitanda vilikuwa vya turubai vyenye tundu katikati, na chini ya kila tundu ndoo. Mgonjwa wa kipindupindu anakauka mbele ya macho yako. Macho yanazama, vidole vinakunjamana, sauti inapotea, na kinachoweza kumrudisha ni maji, kwa mdomo kama anaweza kunywa, kwa mshipa kama hawezi. Sasa mshipa wa mtu aliyekauka unajificha. Chuoni walikuwa wametufundisha kwenye mkono wa mpira ambao mishipa yake ilisimama wima kutusubiri. Siku yangu ya tatu aliletwa mtoto wa miaka minne, Taban, kalegea kabisa, na Sista Candiru alikuwa upande wa pili na watu wawili wa hali mbaya zaidi. Nilimtoboa mara moja, nikakosa. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mama yake alikuwa ananitazama, na jasho lilikuwa linaniingia machoni. Mara nikasikia ndoo inawekwa chini. Mwanamke mrefu mwenye vidole virefu, ambaye tangu nifike nilimwona akimwaga ndoo na kupiga deki kwa klorini, alikuwa ananawa mikono mpaka viwikoni, taratibu, kila kidole peke yake. Akaja nyuma yangu. Akaniambia kwa Kiarabu cha Juba, ambacho na Kinubi changu ni ndugu, nisitoe sindano. Akaweka mkono wake juu ya wangu, akausogeza upana wa punje ya mchele, akausukuma. Damu ikaonekana. Dripu ikaanza kushuka.

"Ile mkono si ya mfagizi," sauti ya Sista Candiru ilisema nyuma yetu. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Yule mwanamke akarudi nyuma hatua mbili, akashika tena fimbo ya deki. "Wewe nani?" Akajibu kwamba anaitwa Keji, ni nesi, amefanya kazi Yei, ng'ambo ya mpaka, miaka ishirini na sita. "Karatasi iko wapi?" "Iko Yei," alisema Keji. "Kama nyumba iko." Ningekuwa mimi ningemkumbatia mtu papo hapo, lakini Sista Candiru alikuwa mtu wa sheria tangu kucha hadi nywele, na ungeweza kumwona akiipima sheria ile dhidi ya mtoto aliyekuwa ameanza kulia, kilio chembamba cha mtu aliyepata maji. Mwishowe akasema, "Bila leseni hutashika sindano. Sindano atashika Zaitun." Kisha akanigeukia. "Na huyu atakushika wewe."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miezi mitatu. Mimi mkono chini, Keji mkono juu. Vidole vyake ndivyo vilivyotafuta, vyangu vilifuata. Alifumba macho anapotafuta mshipa, jambo lililonitisha mwanzoni, halafu akaninong'oneza, hapa, hapana, rudi, hapa. Baadaye mimi niliandika kwenye daftari la wodi jina la mgonjwa, saa, na aliyeweka dripu, yaani Zaitun, na Sista Candiru akatia saini pembeni. Zaitun, Zaitun, Zaitun, ukurasa baada ya ukurasa. Keji hakuandikwa popote isipokuwa kwenye orodha ya vibarua: ndoo na deki. Na tulizimwaga hizo ndoo pamoja, kwa sababu siwezi kuongozwa na mtu mkono halafu nimwachie kinyesi.

Baada ya wiki chache Sista Candiru alimwambia Keji asirudi kulala kule kwenye kibanda chake mbali na mji, mvua ni nyingi, na godoro la tatu likaingia chumbani kwetu. Mimi na Keji tulianza kupiga soga kwa lugha yetu tukicheka, mpaka Sista Candiru akagonga sufuria na mwiko. "Sema Kiswahili, wote tusikie. Mimi si ukuta." Tangu hapo tulisema Kiswahili, kila mtu na chake: cha kwangu cha mtaani Arua, cha Keji cha sokoni mpakani, cha Sista Candiru kifupi cha amri, ambacho aliwahi kuniambia alikiokota kwa wanajeshi aliowafunga vidonda. Wale wawili walipenda kubishana. Mmoja alisema kona ya shuka inakunjwa mara mbili, mwingine mara moja na kuchomekwa. Mmoja alisema enzi zao daktari akiingia wodini wauguzi walisimama, mwingine akasema kwao Yei daktari ndiye aliyesimama. Nilikuwa nikijifanya nimelala ili wasinitume maji, nikawasikiliza, na ninasema bila haya kwamba sijawahi kuwa na raha katika chumba chochote kama niliyokuwa nayo katika kile.

Jioni moja, enyasa iko mezani na mimi nimegeukia ukutani, nilimsikia Keji akisema jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele yangu. "Ndoo haina shida," alisema. "Mimi iliosha ndoo tangu niko mwanafunzi. Lakini watoto wangu wakipiga simu wananiuliza, mama, wewe ulikuwa nesi kweli? Wanauliza vizuri, si kwa ubaya. Na mimi naona mwaka ukipita tena, hata mimi nitaanza kujiuliza." Nilisikia Sista Candiru akimsukumia sahani ya samaki.

Ndipo amri ikaja. Ilibandikwa kwenye mlango wa kituo: kwa kuwa wauguzi hawatoshi, waliosomea nje ya nchi wataweza kupewa leseni ya dharura, na mwenye leseni ya dharura atafunguliwa faili ya kuomba leseni kamili. Bila hiyo ya dharura hakuna faili. Watu kama Keji walikuwa wamekwama hapo miaka. Sharti lilikuwa kufanya kazi siku thelathini mfululizo chini ya macho ya mwenye leseni kamili, kila kazi iandikwe kwenye kitabu maalumu, kila siku itiwe saini. Na amri hiyo ingekufa siku ambayo ugonjwa ungetangazwa umekwisha. Keji aliisoma akiwa na ndoo mkononi. Akaisoma tena. Sista Candiru alituma kitabu kije kutoka Arua siku hiyo hiyo, akakifunika kwa gazeti ili kisichafuke, na asubuhi iliyofuata kwa mara ya kwanza Keji alishika sindano peke yake mbele ya watu, mimi nimeshika tochi.

Siku ya kumi na nne Sista Candiru alianguka. Malaria, ya kupandisha joto hata akawa ananiita jina la mtu nisiyemjua. Gari lilimpeleka hospitali ya Kuluva, akalazwa siku tisa. Kabla hajapanda aliniambia kwa taabu, "Kitabu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Na hapa ndipo nilipoharibu. Nilifikiri kwa akili yangu yote: siku ni mfululizo, zikikatika anaanza upya, na wagonjwa wanapungua. Nani yuko hapa mwenye leseni? Mimi. Nilichukua kalamu na siku tisa nilitia saini mahali pa msimamizi, saini yangu yenye mkia, ambayo niliifanyia mazoezi chuoni. Keji aliniuliza, "Sista Zaitun, wewe unaruhusiwa?" Aliniita Sista, na hilo neno lilinilevya. Nilimwambia leseni ni leseni. Sista Candiru aliporudi, amekonda, hana nguvu ya kupekua karatasi, alisaini siku zilizobaki. Tukakifunga kitabu kwa kamba tukakituma Arua. Nilikaanga gurusa ishirini siku ile kusherehekea.

Kilirudi baada ya siku kumi. Juu ya jalada mtu wa leseni alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba kitabu chote ni batili, aliyesimamia siku tisa naye mwenyewe ni wa kusimamiwa, aanze upya. Sista Candiru alifungua kurasa zile, akaiona saini yangu yenye mkia, moja baada ya nyingine. Nilingoja kelele. Alikivua kitabu lile gazeti, akalikunja, akaniambia nikalale. Natamani angenipiga. Keji ndiye aliyekuja kukaa ukingoni mwa godoro langu, akanishika mguu kupitia shuka, akasema, "Wewe ulitaka kunisaidia. Mimi iko najua." Nililia mpaka jirani akasimamisha cherehani.

Kilichonitesa zaidi kilikuja baadaye, Keji akiwa ameanza kitabu kipya. Visima vilikuwa vimetiwa dawa, vyoo vimejengwa, na asubuhi kwa asubuhi vitanda vilizidi kubaki vitupu. Kila mtu Koboko alikuwa anamshukuru Mungu. Mimi nilikuwa nikiingia hemani nikihesabu: wanane, watano, watano, na moyo wangu unaomba, Yarabi, usiponye haraka hivyo, bado siku ishirini na mbili. Nilikuwa nesi ninayeombea kipindupindu. Siku niliyojishika nikisikitika kwa sababu mzee mmoja ameomba kwenda nyumbani, nilitoka nje nyuma ya matangi ya maji nikajiapiza kwamba hili nitalisema mahali fulani, hata kama litanigharimu.

Mahali fulani pakaja na barua. Kamati ya dharura ilikuwa imepitia madaftari ya wodi zote, na katika hema la Koboko waliona jina moja lisilokosa mshipa. Waliniita Arua wanipe ajira ya kudumu. Wasichana niliosoma nao walikuwa wanalala na njaa ya barua kama ile. Sista Candiru aliitwa pia, kama mkuu wangu, kunithibitisha. Tulisafiri amevaa sare yake ya zamani iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, na mimi sikumwambia kitu, kwa kuwa nilijua angeniambia nifunge mdomo, na mdomo wangu nilikuwa nimekwisha kuuapisha.

Alikaa kwenye benchi nje, mimi nikaingia. Watu wale wale watatu, miwani ile ile ya uzi. Mwenyekiti alikuwa na daftari letu mezani, harufu ya klorini ikitoka kwenye kurasa. Akaniambia kwamba katika maisha yake hajaona mikono kama hii kwa mtu wa umri wangu, nani alinifundisha? Nikasema, "Mzee, hiyo si mikono yangu." Nikamweleza. Mkono juu, mkono chini, miezi mitatu. Nilieleza haraka haraka nikiogopa nikisimama sitaweza kuendelea. Nikaeleza na ile saini yenye mkia. Mama wa kuandika alikuwa ameacha kuandika. Mtu wa leseni alivua kofia akaiweka mezani, akamwangalia mwenyekiti. "Mwite mkuu wake," alisema mwenyekiti.

Sista Candiru aliingia, akasikiliza walichomwambia, akanikata jicho mara moja, jicho la kuua nyoka, kisha hakunitazama tena. Mwenyekiti akamuuliza kama ni kweli kwamba mtu asiye na leseni ametoboa wagonjwa mishipa katika hema lake. "Kweli." Chini ya macho ya nani? "Yangu. Kila siku. Saini iko." Mwenyekiti akavua miwani, akaupapasa uzi wake. Alikuwa mtu mzuri, nalisema hili kwa sababu watu hupenda kusimulia wakubwa wote kama majitu. Alizungumza pole pole, nadhani ili ampe nafasi ya kufikiri. "Sista, nisikilize. Nikiandika huyu mama alifanya hizi kazi, basi daftari hili ndilo kitabu chake, ana siku zaidi ya thelathini chini ya leseni kamili, anatimiza sharti. Lakini wewe umevunja sheria tangu siku ya kwanza, na leseni yako naichukua leo. Nikiandika hakufanya, wewe uko salama, huyu msichana anapata kazi, na yule mama hana hata siku moja. Niandike nini?"

Nilitaka kusema neno. Sista Candiru aliinua kiganja upande wangu bila kugeuka.

"Andika alifanya," alisema.

Mtu wa leseni akamwomba afikirie, hakuna haraka, wanaweza kupumzika wapate chai. Akasema chai atakunywa akimaliza. Akamgeukia mama wa kuandika, akamtajia jina kamili la Keji, herufi moja moja, akasimama palepale akitazama mpaka likaandikwa. Kisha akatoa leseni yake kwenye mfuko wa sare, ile kamili, aliyoihuisha walipomrudisha kazini, akaiweka mezani akainyoosha kona iliyokuwa imejikunja. Siku hiyo hiyo walimwondoa kazini, na mwaka wa Koboko ukafutwa kwenye faili lake, ndiyo maana mpwa wake, ambaye alinakili kila kitu kutoka kwenye faili, hakuwa na cha kusoma. Mimi nilirudishwa kwenye umuda wangu. Ajira niliipata mwaka uliofuata, kwa mikono yangu mwenyewe safari hii.

Nje ya ukumbi nilianza kumwomba msamaha nikashindwa kumaliza. Alikuwa anasonya. "Ungeniambia kwanza," alisema. "Ningevaa viatu vizuri." Nikamwambia wamechukua leseni yake. "Zaitun, mimi nilikuwa nimestaafu. Watanistaafisha mara ngapi?" Akanunua ndizi, akanipa mbili, akaniambia nile nimekaa. Tulikaa kwenye ngazi za duka la watu tukala. Kisha yeye akapanda boda kwenda Pajulu na sare yake, na mimi nikarudi Koboko peke yangu, kwenye chumba chenye kitanda kimoja cha ziada.

Leseni ya Keji ilifika Jumanne, nusu karatasi kama yangu. Sikujua nitampa kwa maneno gani, kwa sababu alikuwa ameshasikia ilivyopatikana, na alikuwa amekasirika. Siku mbili hakula. "Mimi sikuomba avue nguo yake anivishe mimi," alisema. Lakini mchana ule aliletwa mama mjamzito kutoka upande wa mpakani, amekauka, hawezi kusema, na hemani tulikuwa sisi wawili tu. Keji akanawa mpaka viwikoni. Akafumba macho. Aliweka dripu kwa mara moja, na tulikaa naye mama yule mpaka akaomba uji mwenyewe, na mtoto tumboni akapiga teke tukalihisi wote wawili. Kisha nikamsogezea Keji daftari na kalamu. Alikaa nalo muda mrefu mapajani. Mgonjwa huyo alikuwa wa pili kutoka mwisho. Kesho kutwa yake aliingia mwingine, na baada ya huyo hema lilikunjwa. Leseni ile ilimfaa kwa wagonjwa wawili tu, lakini faili lilifunguliwa, na leo Keji ana leseni kamili na wodi ya wazazi ambayo wauguzi wasichana wanaiogopa.

Jumapili ile nilikwenda Pajulu. Nilimkuta Sista Candiru amekaa uani na ungo wa maharage, miguu ina udongo tena. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima njiani. Hakunipa nafasi.

"Mgonjwa ya Keji iko namna gani?"

"Mzima. Na mtoto wake."

Akachagua maharage mabovu matatu, akayatupia kuku. "Na Keji alisaini?"

"Alisaini."

"Kifupi, ama jina yote?"

"Yote," nikasema. "La kwake, la baba yake, la babu yake, na nesi wa Yei. Nafasi haikutosha kwenye mstari, akamalizia pembeni, kule unakosaini wewe."

Sista Candiru alinitazama. Kisha akaanza kucheka, yeye ambaye sikuwahi kumwona akicheka zaidi ya kwa pua, akacheka mpaka machozi, mpaka ungo ukamponyoka na maharage yakatawanyika uani kote. Tulipiga magoti sote wawili kuyaokota, tukifukuza kuku, na kila baada ya kiganja alisimama kidogo, akajifuta uso kwa mkono wenye udongo, akarudia peke yake kwa sauti ya chini: "Akamalizia pembeni."